Nyama ya Wapiti: Mwindaji Atarajie Kiasi Gani?

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mnyama asiyepatikana katika Afrika, naye ni wapiti wa Amerika ya Kaskazini. Huenda mtu akauliza, "Ya nini kutusumbua kwa habari za mnyama ambaye hatutamwona?" Jibu langu ni kwamba mnyama ni mgeni, lakini swali si geni. Swali lenyewe ni hili: mwindaji akimwangusha wapiti dume mkubwa, ni nyama kiasi gani itakayofika nyumbani kwake? Kila mtu aliyepata kuchinja ng'ombe au mbuzi na kuigawa nyama yake amekutana na swali hilo, na mara nyingi limeleta manung'uniko, hata ugomvi.

Jibu lake ni fupi. Ukiugawa uzito wa mnyama aliye hai mafungu matatu, fungu moja tu ndilo nyama safi isiyo na mfupa. Mafungu mawili yanakwenda wapi? Basi hayo ndiyo nitakayoyaeleza, moja baada ya moja, ili kila mtu aweze kuifanya hesabu hii mwenyewe.

Kwanza tumjue mnyama. Wapiti ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Jina hilo ni la kabila la Washawnee, wenyeji wa asili wa Amerika, na maana yake ni "mwenye makalio meupe", kwa kuwa nyuma yake, kuzunguka mkia, ana manyoya ya rangi ya maziwa. Waingereza waliohamia Amerika walimwita elki, jina ambalo kwao Ulaya lilikuwa la mnyama mwingine kabisa. Jambo la ajabu ni kwamba Waholanzi waliofika Afrika ya Kusini walifanya vivyo hivyo: walipomwona pofu, walimpa jina la mnyama yule yule wa Ulaya kwa lugha yao, yaani eland. Hivyo pofu wetu na wapiti wa Amerika, wasio na udugu wa karibu, wote wawili walibandikwa jina la mnyama wa tatu.

Wapiti dume aliyekomaa husimama kama futi 5 begani. Wale wanaokaa katika Milima ya Rocky, katika majimbo ya Colorado, Wyoming, Montana na Idaho, aghalabu huwa na uzito wa kilo 320 hivi, ndizo ratli 700. Yuko wa aina nyingine akaaye katika misitu yenye mvua nyingi karibu na bahari ya Pasifiki, katika majimbo ya Washington na Oregon, naye ni mzito zaidi. Dume lake kubwa huweza kufikia kilo 450. Huyo huitwa wapiti wa Roosevelt. Alipewa jina hilo mwaka 1897 kwa heshima ya Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1901 hata 1909, na ambaye katika mwaka huo wa 1909 alishuka Mombasa kuja kuwinda katika nchi zetu. Aina ya tatu hukaa California, nayo ni ndogo kuliko hizo mbili. Katika hesabu yetu tutamtumia dume wa Milima ya Rocky mwenye kilo 320. Ili mpate kumkadiria, pofu dume mzima mara nyingi hupita kilo 500; basi wapiti wetu ni mdogo kuliko pofu, na yu karibu sawa na ng'ombe dume wa kienyeji aliye mkubwa na aliyenona.

Lakini macho humdanganya mwindaji. Wapiti dume ana pembe ndefu zenye matawi mengi, na shingoni ana manyoya marefu meusi kama shali. Akisimama kilimani alfajiri, huonekana mkubwa kupita alivyo. Pembe zake si kama za ng'ombe au za pofu, ambazo hudumu maisha yote. Ni mfupa mtupu uotao kila mwaka na kuanguka kila mwaka, mwishoni mwa majira ya baridi, kisha nyingine huanza kuota. Pembe za dume kubwa huweza kuwa na uzito wa kilo 15 na zaidi, na katika hizo hakuna hata tonge moja.

Sasa tuanze hesabu. Mnyama ameanguka, naye ana kilo 320. Kazi ya kwanza ya mwindaji, kabla ya kupumzika wala kunywa maji, ni kumpasua na kuyatoa matumbo. Wapiti hucheua kama ng'ombe, na tumbo lake kuu likishiba majani huwa zito sana. Ukiondoa tumbo hilo pamoja na yaliyomo, na utumbo, na mapafu, na damu, na vyote vilivyomo ndani, umeondoa karibu theluthi moja ya uzito wote. Tuseme kilo 105. Zimebaki kilo 215. Moyo, maini na figo ni chakula kizuri, na mwindaji mwenye busara huvichukua. Lakini kwa kawaida havihesabiwi pamoja na nyama, nasi pia hatutavihesabu.

Kazi ya pili ni kuondoa kichwa na pembe zake, kuchuna ngozi, na kukata kongoro, yaani miguu kuanzia magotini kwenda chini. Ngozi ya wapiti ni nene, na ikiwa mbichi ni mzigo wa mtu mmoja. Vyote hivyo pamoja ni kama kilo 50. Zimebaki kilo 165, nazo ni kiwiliwili kilichochunwa, kama kile tukionacho kimetundikwa katika duka la nyama. Angalieni: tumefika nusu ya uzito wa kwanza, wala bado hatujakata kipande hata kimoja cha kupikwa.

Kazi ya tatu ni kutoa mifupa. Mifupa ya mapaja, ya mabega, ya uti wa mgongo, ya mbavu na ya shingo haikosi kilo 35. Zimebaki kilo 130.

Kazi ya nne ni ile ambayo watu wengi huisahau, nayo ni kusafisha. Mafuta ya wapiti si kama mafuta ya ng'ombe. Yakipoa huganda kinywani kama nta, na ladha yake haipendwi na wengi, kwa hiyo huondolewa. Kano na ngozi nyembamba zifunikazo nyama huondolewa. Nyama iliyokauka juu kwa upepo hukatwa ikatupwa. Nyama iliyopigwa risasi, ikajaa damu iliyovilia na vipande vya mfupa, hutupwa. Kazi hiyo, hata ikifanywa na mtu mwangalifu, huchukua kilo 22 hivi. Basi zimebaki kilo 108.

Tuikusanye hesabu yetu pamoja. Kilo 320 alipokuwa hai. Kilo 215 baada ya kutoa matumbo. Kilo 165 baada ya kichwa, ngozi na kongoro. Kilo 130 baada ya mifupa. Kilo 108 baada ya kusafisha. Kutoka 320 hata 108: ndiyo theluthi moja tuliyoitaja mwanzoni. Bila shaka hakuna wanyama wawili walio sawa, wala hakuna visu viwili vinavyokata sawa. Dume wa kadiri hiyo akitoa kilo 90, mwindaji asishangae. Akitoa kilo 115, ashukuru. Lakini mtu akikuambia kwamba alipata kilo 200 za nyama safi katika dume wa Milima ya Rocky, mwulize kwa upole kama alipima kwa mizani au alipima kwa mdomo.

Je, nyama hiyo iko wapi mwilini? Nyingi zaidi iko katika miguu ya nyuma. Mguu mmoja wa nyuma, pamoja na mfupa wake, una uzito wa kilo 30 hivi. Miguu ya mbele ni myepesi zaidi, na nyama yake ina kano nyingi. Yafaa kupikwa polepole kwa moto mdogo, au kusagwa. Nyama bora kuliko zote ni sarara, zile za nje zilizolala pande mbili za uti wa mgongo, na zile ndogo za ndani zilizo chini ya kiuno. Sarara ni laini na husifiwa na kila mtu, lakini ni chache. Zinazobaki ni za shingo, za kidari na za katikati ya mbavu. Mwindaji mvivu huziacha hizo za mwisho, akisema ni taabu kuzitoa, na kwa uvivu huo huacha chakula cha siku nyingi kwa mbweha na kunguru.

Mambo yanayoweza kuongeza au kupunguza hesabu yetu ni mengi, lakini makubwa ni mawili. La kwanza ni umri. Dume la mwaka mmoja na nusu, ambaye pembe zake mara nyingi hazina matawi, ni mdogo sana kuliko mkubwa, na nyama yake huenda ikawa karibu nusu tu ya ile tuliyoihesabu. Walakini ni laini zaidi. Jike mzima ana uzito wa kilo 225 hivi, naye hutoa kilo 70 au 75 kwa kanuni ile ile ya theluthi.

La pili ni majira. Mwezi wa Septemba na mwanzo wa Oktoba ni wakati wa wapiti kupandana. Katika siku hizo dume halina raha. Hulia mlio mrefu mwembamba kama filimbi, hukusanya majike, hupigana na madume wenziwe, na hula kidogo sana. Wakati huo ukiisha, dume lililokuwa limenona huweza kuwa limepoteza hata sehemu moja katika tano za uzito wake. Basi wawindaji wawili wanaweza kumpiga dume wa umri mmoja katika bonde moja, wa kwanza mwanzoni mwa Septemba, wa pili mwezi wa Novemba, na nyama zao zikapitana kwa kilo nyingi, pasipo kosa la mtu yeyote.

Hayo ni mambo ya mnyama mwenyewe. Sasa tutazame yale yaliyo katika mikono ya mwindaji, kwa maana hapo ndipo hasara ya kweli inapopatikana. Kwanza ni risasi. Risasi iingiayo nyuma tu ya bega na kupita katika mapafu humwua mnyama upesi, nayo huharibu nyama kidogo sana. Risasi iingiayo begani huvunja mfupa na kuharibu nyama ya mguu wa mbele, pengine ya miguu yote miwili. Risasi iingiayo tumboni ni mbaya kuliko zote: mnyama huteswa, hukimbia mbali, na uchafu wa tumbo huenea katika nyama.

Pili ni joto. Watu hudhani kwamba katika nchi ya baridi nyama haiozi upesi. Hilo ni kosa. Wapiti ana ngozi nene na manyoya mazito, na mwili wake ni mkubwa. Akiachwa na ngozi yake, joto hubaki ndani kama ndani ya blanketi. Mahali pa hatari hasa ni kandokando ya mfupa wa paja. Nje nyama huonekana imepoa na ni nzuri, kumbe ndani, karibu na mfupa, imekwisha kuanza kuvunda. Kwa hiyo wawindaji wazoefu humchuna mnyama mara moja, hutenga miguu na kiwiliwili, hupasua paja mpaka mfupani ili hewa iingie, kisha hutundika nyama kivulini katika mifuko ya pamba ipitishayo hewa na kuzuia nzi. Mchana wa Septemba katika milima ile huweza kuwa na joto jingi ijapokuwa usiku umande huganda. Nyama hapana budi ipozwe, na kama ni ya kukaa siku kadhaa, iwekwe katika ubaridi usiopita nyuzi 4 za Sentigredi.

Tatu ni kubeba, na hili ndilo lililowaaibisha wengi. Tuchukue mfano. Mwindaji amempiga dume wetu mahali palipo maili 4 kutoka barabarani, naye yuko peke yake. Mtu mwenye nguvu, akipanda na kushuka milima, hubeba kilo 30 bila kujiumiza. Kiwiliwili cha kilo 165, pamoja na mifupa, ni mizigo sita. Mizigo sita ni safari sita za kwenda na mzigo na safari tano za kurudi mikono mitupu, jumla safari kumi na moja za maili 4, ndizo maili 44. Akitoa mifupa kule kule mwituni, hubeba kilo 130, ambazo ni mizigo mitano. Safari zake ni tisa, ndizo maili 36. Kisu chake kimemwokolea maili 8. Akiwa na farasi wawili au nyumbu wawili wazoefu wa mizigo, hubeba yote kwa safari moja. Lakini asipokuwa na farasi wala rafiki, na jua ni kali, huenda akakuta mzigo wa mwisho umekwisha kuoza, au dubu amefika kabla yake. Ndiyo maana wazee wa kazi hiyo huwaonya vijana: kabla ya kuinua bunduki, tazama nyuma uone ulikotoka. Mahali usipoweza kuitoa nyama, si mahali pa kupiga.

Tumefika sasa kwenye ugomvi nilioutaja mwanzoni. Katika Marekani wawindaji wengi hawakati nyama zao wenyewe. Humpelekea mtu aliyefanya kazi ya kukata na kufunga nyama kuwa riziki yake. Mwindaji hupeleka kiwiliwili cha kilo 165, na baada ya siku chache huitwa kuchukua vifurushi vyake. Hupima, huona kilo 108. Moyo wake huwaka. "Kilo zangu 57 ziko wapi? Bila shaka mtu huyu ameniibia!" Na akiwa moyoni anakumbuka zile kilo 320 za mnyama aliyemwona kilimani, hasira yake huwa mara mbili. Hutoka akilipaka jina la mkata nyama matope kwa jirani zake wote.

Lakini ninyi mliofuata hesabu yetu mnajua kilo hizo 57 ziko wapi. Kilo 35 ni mifupa. Kilo 22 ni mafuta, kano, nyama iliyokauka na nyama iliyoharibiwa na risasi. Na ikiwa nyama ililetwa ikiwa na mchanga na manyoya, au imekaa juani, mkata nyama hana budi kukata na kutupa zaidi, na lawama ni ya mleta nyama, si yake. Simaanishi kwamba hakuna mkata nyama mwizi katika dunia. Ninasema kwamba mtu hawezi kumjua mwizi kama hajui hesabu. Mwenye kujua hesabu hamsingizii mwaminifu, wala hadanganywi na asiye mwaminifu. Dawa ya ugomvi huu ni rahisi: nyama ipimwe mbele ya wote wawili siku inapoletwa, uzito uandikwe, na mambo yatakayoondolewa yatajwe tangu siku hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, kilo 108 ni kidogo? Sivyo hata kidogo. Nyumba yenye watu watano, ikipika kilo moja kila siku, itakula nyama ya dume mmoja kwa siku 108, ndiyo miezi mitatu na nusu. Katika nchi ambayo theluji hufunika ardhi miezi mingi, hicho ni kitoweo cha majira mazima ya baridi. Siku hizi nyama hiyo huwekwa katika jokofu la kugandisha. Zamani wenyeji wa asili waliikata vipande vyembamba wakaikausha kwa jua, upepo na moshi. Nyama mbichi, karibu robo tatu za uzito wake ni maji. Basi kilo 108 zikikaushwa huwa kama kilo 30 tu, lakini kilichopotea si chakula, ni maji. Nyama kavu waliiponda, wakaichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa na pengine matunda madogo ya mwituni, ikawa chakula cha safari kisichoharibika upesi.

Watu hao pia watufundisha kwamba yale mafungu mawili yasiyo nyama si takataka. Ngozi ya wapiti waliilainisha kwa ubongo wa mnyama, wakafanya mavazi na viatu. Kano za mgongo zilikuwa nyuzi za kushonea. Mifupa na pembe vilikuwa vyombo vya kazi. Kinywani mwa wapiti mmoja mna meno mawili kama ya pembe ya ndovu, na wanawake wa kabila la Wacrow walipambiwa nguo zao kwa meno hayo. Nguo yenye meno mengi ilikuwa sifa kwa wawindaji wa nyumba hiyo.

Na meno hayo hayo yalileta msiba. Kabla Wazungu hawajaenea Amerika, inakisiwa wapiti walikuwa milioni 10. Mashamba yaliwanyima malisho, na wawindaji wa biashara wakawaua kwa ajili ya nyama ya kuuza na ngozi. Kisha ikazuka desturi ya mabwana wa mijini kutundika jino la wapiti katika mkufu wa saa, na watu wakawaua wapiti kwa meno mawili tu, wakaiacha nyama yote ioze juu ya nyasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki pungufu ya laki moja. Hapo ndipo sheria zilipokazwa. Mwaka 1912 serikali ya Marekani ilitenga mahali karibu na mji wa Jackson, katika Wyoming, ili wapiti wapate kukaa na kulishwa wakati wa theluji. Kwa ulinzi wa namna hiyo, na kwa kuhamisha wengine mahali walipokuwa wamekwisha, leo wamefika yapata milioni moja.

Kwa sababu ya historia hiyo, kupoteza nyama si aibu tu, ni kosa la sheria. Katika jimbo la Colorado, lenye wapiti wengi kupita majimbo yote, mwindaji hulazimishwa kuchukua angalau nyama ya miguu yote minne pamoja na sarara za nje na za ndani. Anayechukua kichwa chenye pembe na kuiacha nyama hushtakiwa. Tena nyama ya wapiti wa mwituni haiuzwi. Mwindaji huila na jamaa zake, au humpa mwenye haja.

Yako maradhi moja ambayo mwindaji wa leo apaswa kuyaangalia. Ni ugonjwa wa kukonda, ulioonekana mara ya kwanza mwaka 1967 katika Colorado, nao huharibu ubongo wa wanyama wa jamii hii mpaka wafe. Haujathibitishwa kuwa umempata binadamu kwa kula nyama. Hata hivyo, mahali ulipo ugonjwa, wataalamu hushauri mnyama apimwe, na akionekana anao asiliwe. Hapo theluthi yote huwa si kitu, na mwindaji hana budi kukubali, kwa kuwa afya ya nyumba yake ni bora kuliko kilo 108.

Basi, tumejifunza nini? Kwamba mnyama mmoja ana uzito namna nyingi: uzito wa macho, uzito wa mizani akiwa hai, uzito wa kiwiliwili, na uzito wa chungu. Mwenye kufanya shauri lake kwa uzito wa macho hukata mbeleko kabla mwana hajazaliwa. Mwenye kufanya shauri lake kwa uzito wa chungu hujua ni wangapi atakaowalisha, ni wangapi wa kumsaidia kubeba, na ni neno gani la kumwambia mkata nyama. Ninyi msiowinda mwaweza kuijaribu hesabu hii kwa ng'ombe au mbuzi atakayechinjwa kwenu. Pimeni kila hatua, andikeni, mwone ni fungu gani linalobaki. Halitakuwa sawasawa na la wapiti, kwa maana kila mnyama ana umbo lake. Lakini mkisha kulijua, hamtanung'unika tena mbele ya mizani bila sababu, wala hamtanyamaza palipo na sababu.